Herufi ni Sauti, Si Fimbo

Mjukuu wangu ana umri wa miaka minne na nusu. Asubuhi huenda nasari, na baada ya Alasiri huenda chuoni, kama walivyo watoto wengi wa hapa kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Jioni moja alinifuata barazani na daftari lake, akaweka kidole juu ya neno aliloandikiwa na mwalimu wake, akalisoma kwa sauti kubwa: "Emaema!"

Nikainama kutazama. Neno lenyewe lilikuwa "mama".

Nami, Mola anisamehe, nilicheka. Nilicheka mpaka jirani akauliza kuna nini, na nilipomweleza naye akacheka. Mtoto hakulia. Alilifunga daftari lake taratibu akaingia ndani. Kesho yake daftari halikuonekana. Lilitafutwa nyumba nzima, na mwisho likapatikana uvunguni mwa kitanda, limesukumwa mpaka ukutani nyuma ya viatu vya zamani.

Mamake, ambaye ni binti yangu, alishika tama. "Baba," akaniambia, "huyu mtoto ni mzito. Wenzake wameshafika mbali. Nitamtafutia tuisheni ya baada ya Magharibi."

"Nipe wiki mbili, mwanangu," nikamjibu. "Mimi ndiye niliyelificha lile daftari, si yeye."

Ndugu msomaji, nilikuwa na sababu ya kuogopa. Nina kaka yangu ambaye tulianza chuo siku moja. Yeye alikuwa mwepesi kuliko mimi kwa kila jambo, katika kuogelea, katika bao na hata katika hesabu za sokoni. Lakini siku moja alikosea herufi, akachapwa, na wenzetu wakamcheka. Siku ya pili aliondoka nyumbani na juzuu yake kwapani lakini hakufika. Mpaka leo, mzee mzima mwenye wajukuu, akiletewa ujumbe kwenye simu hunipa mimi nimsomee, na husingizia macho. Macho yake ni mazima, maana nyuma ya kivuko humtambua mtu kabla yangu. Kilichomharibikia ni ile siku moja.

Basi nikakaa nikafikiri juu ya ile "emaema". Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba mtoto hakukosea hata kidogo. Alifundishwa kwamba alama ile inaitwa "em" na hii inaitwa "a", akaziunga kama alivyoambiwa: em-a-em-a. Alichopewa ni jina la herufi, na sauti yake hakupewa. Chuoni nako aliijua kwa jina la "mimu". Kichwani mwake kulikuwa na majina mawili, na sauti yenyewe hakuna aliyempa.

Asubuhi ya Jumamosi nikalianza somo jikoni, bila daftari wala kalamu. Mahamri yalikuwa yakitoka motoni. Nikanusa, nikafumba midomo, nikasema, "Mmmm!" Naye akanusa akasema, "Mmmm!" Nikamwambia, "Sema tena, kisha jibane pua." Akasema, akajibana, na sauti ikakatika ghafla. Akatoa macho. Akajaribu tena na tena. Nikamwambia afanye hivyo kwa "sss" na kwa "aaa", akaona hizo hazikatiki. "Babu," akanena, "hii inatoka puani!"

Binti yangu alikuwa akisikiliza huku akigeuza mahamri. "Baba, hivi si mchezo tu?" akauliza.

Nikamwambia amuulize maalim yeyote wa tajwidi. Wanazuoni wetu tangu zamani waliipa kila herufi mahali pake pa kutokea. Mimu hutoka kwenye midomo miwili ikikutana, na ndani yake mna ghunna, mvumo wa puani. Mimu yenye shada huvutwa kwa kiasi cha haraka mbili, na mwanafunzi akitaka kujua kama ghunna yake ni sahihi, hujibana pua asikie kama sauti inakatika. Basi mchezo wa jikoni ulikuwa elimu ya wazee wetu, tuliyokuwa tukiingoja mpaka mtoto awe mkubwa. Kwa nini tusimpe angali mdogo, na yeye ndiye mwenye pua nyepesi ya kucheza?

Siku ya pili tulicheza mchezo wa kikapu. Nilikusanya vyombo vya nyumbani: mwiko, mshumaa, muhogo, mkate, kata, ufagio, limau. Kila kitu alikitaja polepole, na kikianza kwa "mmm" kiliingia kikapuni, kisichoanza hivyo kilibaki mkekani. Alipoifikia mbuzi ya kukunia nazi alicheka sana, akataka na mbuzi wa jirani aingizwe. Kisha nikampa embe. Akalitaja, akatikisa kichwa, akaliweka nje. Nikaongeza embe la pili kando yake. Akaruka: "Sasa ni maembe! Yaingie!" Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Lugha yake mwenyewe ndiyo iliyomfundisha.

Siku ya tatu tulipiga makofi, kofi moja kwa kila kipande cha neno. Ma-ma, makofi mawili. M-to-to, makofi matatu. Hapa nami nilijifunza. Kwa Kiswahili "m" inaweza kusimama peke yake bila irabu yoyote, ikapata kofi lake, kama katika m-tu na m-ke. Lakini katika mbu-zi inaegemea "b" nayo haipati kofi. Mtoto aliyekariri ma, me, mi, mo, mu tu atakwama akikutana na "mtu", na mtu hakwepeki katika kitabu cha Kiswahili. Aliyeisikia kwa makofi hupita bila taabu.

Baada ya siku tatu hizo ndipo tulipoandika. Nilichekecha mchanga wa pwani nikautandaza katika sinia kuukuu. Nikamshika kidole: shuka, panda kilima, shuka, panda kilima cha pili, shuka, huku tukisema "mmmm" kidole kinapokwenda. Akatikisa sinia, herufi ikafutika, akaanza upya. Mchanga una huruma hiyo ambayo daftari halina, maana makosa hayabaki kumsuta mtu. Huko Roma, mama mmoja daktari, Maria Montessori, alifungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907, na alikuwa akiwapapasisha watoto herufi za karatasi ya msasa wakitamka sauti zake. Sisi mchanga tunao bure.

Kisha nikaanza upande wa kulia wa sinia, nikachora kichwa cha mviringo na mkia ulioshuka. "Hii ni mimu ya chuoni," akasema. "Nayo inasemaje?" Akafumba midomo: "Mmmm." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Babu, kwani ni moja?"

Ni moja, mjukuu wangu. Na wasomi wa maandishi wanatuambia kwamba ni ndugu hasa. M ya Kizungu na mimu ya Kiarabu zote mbili zimetokana na herufi moja ya Wafoinike wa kale iliyoitwa mem, na inasadikiwa kuwa asili yake ni picha ya maji, yaani viwimbi. Moja ilikwenda kwa Wayunani na Warumi, nyingine ikapita kwa Waarami na Wanabati mpaka kwa Waarabu. Watoto wetu wa Pwani huwakuta ndugu hawa wawili katika siku moja, mmoja asubuhi na mwingine jioni, nasi tunawaacha wadhani ni maadui.

Neno moja la adabu. Mchangani niliandika herufi tupu na maneno ya nyumbani kama mama na maji. Jina la Mwenyezi Mungu au aya sikuandika, kwa kuwa mchanga hukanyagwa na kufutwa. Mchezo nao una mipaka yake.

Wala nisije nikadhaniwa nimezusha jambo. Mnamo mwaka 1986, hapa hapa Mombasa, ulianza mpango wa nasari za madrasa, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kumwomba Aga Khan awasaidie katika elimu ya watoto wao. Bi Swafiya Said ni miongoni mwa walimu waliousimamisha tangu mwanzo. Dini na masomo ya skuli viliwekwa chini ya paa moja, na watoto wakafundishwa kwa kucheza na vitu vya hapa hapa kama vifuu, simbi na vizibo. Mpango huo ulivuka mpaka Unguja na Uganda. Kwa hiyo anayesema kumfundisha mtoto kwa mchezo ni mambo ya kigeni, amesahau yaliyofanyika mlangoni pake.

Wiki mbili zilipokwisha, tuisheni haikutajwa tena. Daftari lilirudi mezani lenyewe. Jioni moja mjukuu wangu alimwendea mamake, akaweka kidole juu ya lile neno, akafumba midomo, akalisoma sawasawa. Binti yangu hakusema kitu. Alimvuta akampakata.

Ijumaa baada ya swala kaka yangu alikuja kula nasi kama kawaida yake. Baada ya chakula mtoto alimletea sinia la mchanga, akamwamuru, "Babu mkubwa, sema mmmm ujibane pua." Mzee akacheka, akajibana. Kisha nikamwona ametia kidole mchangani: kilima kimoja, kilima cha pili. Akatikisa sinia, akarudia. Nami nikajifanya namimina kahawa.

Wazazi wenzangu, na nyinyi walimu wetu wa skuli na wa chuoni, samaki mkunje angali mbichi, lakini tumkunje tusimvunje. Mtoto akisoma "emaema", msimcheke. Mwambieni afumbe midomo, anuse mahamri, asikilize pua yake. Dakika kumi kwa siku zatosha, herufi moja kwa wiki, na ahadi moja tu: kwamba akikosea, atatikisa sinia aanze tena.