Wanyama walivyofichua uhusiano wa homa ya ini na saratani

Na Mwandishi Wetu, Songwe

Mpaka wa Tunduma, unaoiunganisha Tanzania na Zambia, hupitisha kila siku wasafiri, wafanyabiashara na madereva wa malori. Miongoni mwao, kama ilivyo kwingineko, wamo wanaoishi na virusi vya homa ya ini aina ya B bila kujijua. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na maambukizi sugu ya virusi hivyo, ambavyo huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Hatari kubwa ya maambukizi hayo ni saratani ya ini, ambayo huweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa. Kwa kuwa si halali kumwambukiza binadamu ili kumchunguza, na panya wa kawaida wa maabara hawaambukizwi na virusi hivyo, wanasayansi walilazimika kutafuta wanyama wenye virusi vya jamii moja na vyetu.

Mwaka 1978, watafiti wa Philadelphia, Marekani, walitangaza kugundua virusi hivyo kwa mnyama wa jamii ya kindi anayeishi mashimoni, ambaye wengi wa aina yake waliofugwa huko walikufa kwa saratani ya ini. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kuwa wanyama walioambukizwa wangali wachanga ndio waliobaki na virusi kwa wingi, na karibu wote walipata saratani ndani ya miaka michache. Kwa binadamu hali hulingana: takribani asilimia 90 ya watoto wachanga wanaoambukizwa hubaki na ugonjwa sugu, ilhali kwa watu wazima wenye afya ni chini ya asilimia 5.

Bata nao walitoa mchango wao. Mwaka 1982, utafiti wa virusi vya bata ulibainisha namna virusi hivi vinavyojinakili. Dawa ya tenofovir inayotumika leo huzuia hatua hiyo hiyo ya kujinakili.

Usalama wa chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ulijaribiwa kwa sokwe. Matumizi hayo yalizua maswali ya kimaadili, na mwaka 2015 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utafiti wa aina hiyo. Sasa hutumika panya waliopandikizwa chembe za ini la binadamu.

Funzo jingine lilitoka kwa batamzinga. Mwaka 1960, zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Hapo ndipo sumukuvu ilipojulikana. Nchini, mwaka 2016, sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini B anayekula chakula chenye sumukuvu hukabiliwa na hatari ya saratani iliyo kubwa mara nyingi zaidi.

Kwa wakulima wa mahindi wa Mbozi na Momba, kinga huanzia shambani: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai, kukausha vyema na kutenga punje zilizoota ukungu. Kwa wazazi, ni kuhakikisha mtoto anapata chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kwa watu wazima, ni kupima mapema, kwani ini huumia kimyakimya.