Usalama wa petroli

Usalama wa petroli ni tahadhari zinazochukuliwa wakati wa kusafirisha, kuhifadhi na kutumia petroli, pamoja na hatua za dharura inapomwagika au kuwaka. Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma nchini Tanzania, inategemea malori ya matangi yanayopita barabara ndefu, kama ile ya Makambako–Njombe–Songea. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo vya mafuta, petroli huuzwa pia kwa chupa na madumu.

Hatari yake

Kinachowaka ni mvuke wa petroli. Mvuke huo hutoka na kuweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hali ya hewa ya ubaridi ya Songea haipunguzi hatari. Ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hutambaa chini, hujaa mitaroni na unaweza kufikia jiko lililo mbali. Dumu tupu nalo hubaki na mvuke, hivyo halifai kuchomelewa.

Kuhifadhi

Petroli huwekwa katika chombo maalumu chenye kifuniko kinachobana, nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko, jua na watoto. Wakati wa kujaza, injini huzimwa na sigara hairuhusiwi. Dumu huwekwa chini ardhini, si juu ya pikipiki, ili kuepuka cheche za umeme tuli.

Inapomwagika au kuwaka

Watu huhamishiwa upande unakotoka upepo, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu namba 114. Petroli huelea juu ya maji. Kuumwagia moto wake maji huutawanya. Moto mdogo huzimwa kwa mchanga mkavu, povu au kizimamoto cha unga. Moto ukiwa mkubwa, watu hukimbia.

Huduma ya kwanza

Nguo zilizolowa huvuliwa mbali na moto, na ngozi huoshwa kwa maji na sabuni. Aliyemeza petroli hatapishwi, kwa kuwa inaweza kuingia mapafuni. Hupelekwa hospitali mara moja. Jeraha la moto hupozwa kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20.

Ajali za malori

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na kulipuka watu wakichota petroli. Zaidi ya 100 walifariki. Mwaka 2009 watu zaidi ya 100 walikufa vivyo hivyo Sachangwan, Kenya, na mwaka 2010 zaidi ya 200 huko Sange, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika ajali ya namna hiyo cheche moja hutosha, na anayechota huwa tayari amesimama ndani ya mvuke. Kwa sababu hiyo lori lililopinduka halisogelewi, hata kama hakuna moto unaoonekana.