Huna bunduki, huna leseni, uko Kisii: anza kulenga shabaha hivi

Unamkumbuka yule mzee wa Uturuki wa Olimpiki ya Paris 2024? Yule aliyesimama na fulana yake tu, mkono mmoja mfukoni, akalenga kama mtu anayesubiri matatu, kisha akaondoka na medali ya fedha? Yusuf Dikeç. Mtandao ulichizi wiki nzima. Hata beste yangu wa boda pale Daraja Mbili aliweka picha yake kwa stetasi.

Lakini si huyo aliyeninyima usingizi. Ni msichana wa Korea Kusini anayeitwa Ban Hyo-jin. Alikuwa na miaka 16. Alianza kulenga shabaha mwaka 2021, eti rafiki yake ndiye aliyemshawishi, na miaka mitatu baadaye yuko kwenye fainali ya Olimpiki ya bunduki ya hewa ya mita 10. Yeye na Huang Yuting wa China walimaliza sare, 251.8 kwa 251.8. Ikabidi wapige risasi moja ya kuamua. Ban akapata 10.4, Huang akapata 10.3. Pointi sifuri nukta moja, dhahabu ikaenda Korea.

Niliangalia hiyo video kwa simu yenye skrini iliyopasuka, nikiwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, sina kazi ya maana. Nikajiuliza, huyu ameanza juzi. Mimi nikianza leo?

Nilipoenda nyumbani upande wa Kebirigo, Nyamira, nikamwambia Mama. Mama huniita Tata, vile akina mama wengi wa Kisii huwaita vijana wao. Aliweka sufuria chini polepole. "Tata, ukisema bunduki nje ya hii nyumba, majirani watasema nini? Kwamba umekuwa mwizi, ama umetumwa na serikali?"

Usimcheke. Kwetu bunduki haikuja kama mchezo. Mwaka 1905 Waingereza walikuja Gusii nayo, na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki DC Northcote, na jibu likawa bunduki tena, nyumba kuchomwa, ng'ombe kuchukuliwa. Na kama hayo ni ya wazee, kumbuka Juni 2024. Tulikuwa barabarani Kisii mjini na simu zetu na bendera, tukikimbia vitoa machozi. Mtu wa umri wetu akiona bunduki, mara nyingi iko mikononi mwa mtu anayemwangalia vibaya.

Kwa hivyo nikuambie mapema, hii si makala ya kukufundisha kununua bunduki. Ni ya kukuonyesha unavyoweza kuanza mchezo wenyewe kabla hujashika bunduki yoyote, kwa sababu sehemu kubwa ya mchezo huu haiko kwenye bunduki. Iko kwenye mifupa yako, pumzi yako na saa.

Tuanze na saa. Kwenye bunduki ya hewa ya mita 10, mashindano makubwa yanakupa risasi 60 ndani ya dakika 75. Piga hesabu: dakika moja na robo kwa kila risasi. Inaonekana ni nyingi mpaka ukumbuke kwamba duara la 10, lile la katikati, lina upana wa nusu milimita. Ni nukta ya kalamu. Karatasi yote ya shabaha, kutoka duara la nje hadi la nje upande wa pili, ni milimita 45.5, yaani inatoshea kwenye kiganja chako. Na risasi yenyewe ni kidude cha milimita 4.5.

Ukifika fainali mambo yanakazwa. Wanane mnaingia. Mnapiga risasi tano kwa sekunde 250, tena tano kwa sekunde 250, halafu inakuwa risasi moja moja, sekunde 50 kila moja, na baada ya kila risasi mbili wa mwisho anaondoka. Bila refa wa kulaumu.

Kuna aina nyingine nyingi. Kuna ya mita 50, ambapo unapiga ukiwa umepiga magoti, umelala kifudifudi, kisha umesimama. Kuna bastola ya kasi ya mita 25, shabaha tano, risasi tano, kwanza sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Na kuna ile inaitwa IDPA, ambayo kwa Kenya ndiyo utasikia zaidi, hasa kwenye uwanja wa Kirigiti kule Kiambu. Hapo unatembea, unajificha nyuma ya kizuizi, unapiga, na sekunde zako ndizo alama zako. Kila pointi unayopoteza kwenye shabaha inakuongezea sekunde moja. Mwenye muda mdogo ndiye mshindi. Wengi hutumia bastola, ila mchezo huo una daraja pia la bunduki fupi inayotumia risasi za bastola.

Sasa umeshika moto na unataka kununua. Tulia hapo.

Mwaka jana nilipata mtu mtandaoni, alisema yuko Keroka na ana bunduki ya hewa "haitaki leseni, ni ya kuwinda ndege tu". Bei elfu nane, nusu kwanza. Nilikuwa na elfu nne kwa simu, pesa ya kazi ya kupiga picha harusi mbili. Kidole kilikuwa tayari kubonyeza tuma. Kilichonizuia ni swali dogo: kama ni halali, mbona hataki tukutane dukani, mbona anataka tukutane nyuma ya soko saa moja usiku? Nikamblock. Mpaka leo sijui kama alikuwa tapeli au polisi, na yote mawili yangeniishia vibaya.

Kenya tuna Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Bila cheti huwezi kununua wala kukaa na bunduki, na cheti kinatoka kwa Bodi ya Leseni za Bunduki. Lazima uonyeshe sababu nzuri ya kuihitaji na kwamba akili na mwenendo wako viko sawa. Usiseme "ya hewa si bunduki". Uliza Bodi kwanza, na uulize kwa maandishi. Na hata wenye leseni hawalali. Desemba 2018 Fred Matiang'i, mtu wetu wa Borabu, Nyamira, akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliagiza raia wote wenye bunduki wakaguliwe upya. Matajiri walipanga foleni kama sisi tunavyopanga Huduma Centre.

Njia halali basi ni zipi? Kwa kijana wa huku ninaona mbili, na zote zina miiba.

Ya kwanza ni sare. Polisi, jeshi, magereza. Huko utafundishwa bunduki kwa pesa ya serikali, na ukiwa mzuri utaingia timu. Polisi wa Afrika Mashariki wana michezo yao ya EAPCCO na kulenga shabaha kumo. Mimi nilijaribu usajili mara mbili. Mara ya kwanza nilikimbia vizuri nikatolewa kwa urefu. Mara ya pili, bwana mmoja alinivuta kando akaniuliza kama "nimekuja na mtu". Sikuwa nimekuja na mtu. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na vyeti vyangu kwa bahasha. Na baada ya ile Juni, nisikudanganye, sijui kama bado ninaitaka ile sare. Wewe ukiitaka, nenda, sina neno mbaya. Mchezo unahitaji watu kama wewe ndani.

Ya pili ni klabu. Wamiliki wa bunduki wana chama chao cha kitaifa, NGAO-Kenya, na mashindano ya Kirigiti yanajulikana. Unaanza kwa kuandika, unajieleza, unaomba kwenda kutazama, kusaidia kubeba shabaha, kuandika alama. Usiende na kiburi cha kusema unataka kupiga siku ya kwanza. Shida ni umbali na doo. Kisii hadi Nairobi ni kama kilomita 300, halafu bado Kiambu. Weka nauli ya kwenda na kurudi, chakula na mahali pa kulala, na kwa msee wa kuhustle hiyo ni pesa ya wiki nzima. Risasi nazo hazitolewi bure. Ni mchezo wa watu wenye pesa, tusifichane. Ndiyo maana nasema, ukifika kule fika ukiwa tayari, usitumie siku yako moja ya bahati kujifunza kusimama.

Kusimama unaweza kujifunza kwa ploti yako.

Mimi nilinunua leza ndogo, zile za kuchezea paka, nikaifunga na selotepu kwenye mti wa ufagio. Kwa huo mti nikaning'iniza chupa ya maji ya lita mbili, kwa sababu bunduki halisi ya mchezo huu inaruhusiwa kufika kilo 5.5 na mikono yangu haikuwa na habari. Nikapima hatua, mita 10 za korido ya ploti yetu Nyanchwa. Mwisho wa korido nikabandika karatasi yenye nukta ya kalamu. Ilikuwa ndani ya jengo, mlango umefungwa, hakuna mtoto, hakuna kioo. Hilo usilipuuze, leza inaharibu macho. Na usitoke nje na kitu kinachofanana na bunduki. Mtaani hakuna atakayekuuliza kama ni ufagio.

Siku ya kwanza ile nukta nyekundu ilicheza ukutani kama nzi aliyelewa. Duara lake lilikuwa pana kama sahani. Nilifikiri mikono yangu ni mibovu.

Haikuwa mikono. Nilikuwa nabeba kwa misuli, na misuli huchoka na kutetemeka. Walengaji hubeba kwa mifupa. Kama unatumia mkono wa kulia, simama ubavu wa kushoto ukiangalia shabaha, miguu upana wa mabega. Sukuma nyonga ya kushoto mbele kidogo, kisha kiwiko cha kushoto kikalie hapo juu ya nyonga. Uzito unashuka kutoka kwa mti, kwa mkono, kwa nyonga, kwa mguu, kwa sakafu. Ukifanya sawa utahisi kama umeegemea ukuta usiokuwepo. Sasa funga macho, pumua mara mbili, fungua. Leza iko wapi? Kama iko kushoto kwa nukta, usiivute kwa mikono. Sogeza miguu. Mwili ukilazimishwa utarudi unakotaka wakati mbaya zaidi.

Halafu pumzi. Vuta, toa, na ikifika nusu ya kutoa, simamisha. Hapo una sekunde kama tano hadi nane za utulivu. Zikiisha kabla hujawa tayari, shusha mti, anza upya. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo sababu saa inaua watu. Unaona dakika inaisha, unajiambia acha nipige tu. Kidole kinavuta triga kwa hasira na nukta inaruka. Weka simu ipime sekunde 75, na ujifunze kushusha ikibaki 20 na bado kuanza upya bila presha. Mimi ilinichukua wiki sita kutoka sahani hadi upana wa kifuniko cha soda. Bado niko mbali sana na nusu milimita.

Na hata na ufagio, fuata sheria za bunduki. Usiulenge mtu. Kidole nje ya triga mpaka uwe tayari. Chukulia kila mara kwamba ina risasi. Siku utakaposhika ya kweli, mkono utakuwa umeshazoea.

Tumeanza kukutana Jumapili mchana, watu sita. Kila mmoja risasi kumi, sekunde 75 kila moja, mwenzako anarekodi ukuta kwa simu na tunaangalia nukta ilikuwa wapi uliposema "piga". Anayetushinda wote ni dada mmoja wa Tabaka anayechonga mawe ya sabuni. Siku yake ya kwanza alitufunga. Nikamuuliza siri, akasema anapochonga jicho la twiga hupumua hivyo hivyo, ukitikisika umeharibu kazi ya siku mbili. Na kwenye bunduki ya hewa wanawake na wanaume hupiga risasi zile zile 60, kwa hivyo hakuna wa kumwambia apunguze. Barua yetu ya kuomba kwenda kutazama Kirigiti ameiandika yeye, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu, na jina lake liko juu.

Jumapili iliyopita Mama alikuja mjini kunitembelea bila kupiga simu. Alitukuta kwenye korido tukiwa kimya, mmoja amelenga, watano wameshika pumzi. Nilidhani ataanza. Aliangalia ukuta kitambo, akauliza hiyo taa nyekundu inafanya nini, nikamweleza. Akaweka kikapu chake cha ndizi chini, akavua viatu.

"Lete huo ufagio, Tata."