Kampuni ya roketi iliyopewa ardhi Congo, na mabosi waliondoka na ujuzi wao

Kisangani. Ndege inayotua Bangboka, takriban kilomita 17 mashariki mwa jiji la Kisangani, hutua zaidi kidogo ya kilomita 50 kaskazini mwa mstari wa ikweta. Kwa abiria hilo halina uzito. Kwa mtu anayerusha roketi, huo ni mtaji.

Dunia inapojizungusha, ardhi ya Bangboka hukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Baikonur, kituo kinachotumiwa na Urusi nchini Kazakhstan, kasi hiyo ni kama kilomita 1,160. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki ikiwa karibu na ikweta huanza safari ikiwa imeshasukumwa, hivyo huweza kubeba mzigo mkubwa zaidi kwa mafuta yaleyale.

Ndiyo maana roketi za Ulaya hurushwa Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ndiyo maana pia Waitaliano walijenga kituo chao baharini karibu na Malindi, Kenya, ambako setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970.

Congo nayo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilifuatwa kwa sababu kama hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni binafsi ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, ilibisha hodi kwa Rais Mobutu Sese Seko ikitaka mahali pa kurushia roketi, na ikapewa. Kisa chake kinafaa kukumbukwa leo, hasa kwa sababu ya watu waliokaa kwenye meza ya uongozi.

Nani walikuwa juu

Mwanzilishi wake alikuwa Lutz Kayser, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1939 mjini Stuttgart. Alikuwa amefanya utafiti wa roketi ya bei nafuu kwa fedha za Serikali ya Ujerumani Magharibi. Serikali hiyo ilipoamua kuungana na majirani zake katika mradi wa roketi ya Ariane, Kayser akaamua kuendelea mwenyewe. OTRAG ikaanza kazi mwaka 1975, miaka mingi kabla ya dunia kuzoea kusikia roketi za watu binafsi.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa Kurt Debus. Huyu hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Anga cha Kennedy nchini Marekani, akakiongoza kuanzia mwaka 1962 hadi 1974. Chini yake ndipo Apollo 11 iliondoka kwenda mwezini Julai 1969. Kabla ya hapo, wakati wa vita, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa kombora la V-2 la Ujerumani ya Hitler.

Karibu na Kayser alikuwapo pia Frank Wukasch, mshirika wake katika kuiendesha kampuni. Fedha zilitoka kwa mamia ya Wajerumani walionunua hisa, wengi wakivutiwa na nafuu ya kodi waliyoipata kwa kuwekeza humo.

Jina la Debus lilifungua milango na kuwapa wawekezaji imani. Lakini jina hilohilo likawa silaha mikononi mwa wapinzani wa mradi: mtu wa V-2 anatafuta nini Afrika?

Roketi ya mabomba

Wazo la Kayser lilikuwa rahisi. Badala ya injini moja kubwa na ghali, alitaka kufunga pamoja mabomba mengi yanayofanana, kila moja likiwa na upana wa sentimita 27 na injini yake. Ukitaka kubeba mzigo mkubwa, unaongeza mabomba.

Ndani yake mliwekwa mafuta ya taa na tindikali ya nitriki. Vali za kudhibiti mafuta ziliendeshwa na mota za waipa, zilezile zinazofuta mvua kwenye vioo vya magari. Wengine walicheka. Kayser aliona kwamba kifaa kinachotengenezwa kwa maelfu kiwandani ni cha bei ndogo na kimeshajaribiwa vya kutosha.

Ardhi kubwa kuliko nchi mbili

Walipokuja hawakwenda kwenye misitu ya Kisangani. Walikwenda kusini mashariki, mkoa wa Shaba, ambao baadaye ulirudi kuitwa Katanga. Huko walipata uwanda wa juu, mita zipatazo 1,300 kutoka usawa wa bahari, pembeni mwa bonde la Mto Luvua. Ni karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta.

Mkataba uliwapa matumizi ya eneo la kilomita za mraba 100,000 hadi mwaka 2000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifikii hata kilomita za mraba 60,000. Masharti yake yalipojulikana nje, yaliwashtua wengi.

Katika majina matatu yaliyotajwa hapo juu hakuna la Mkongomani. Aliyesikika kwa niaba ya nchi alikuwa mtu mmoja, Rais mwenyewe, na wananchi hawakuwa na mahali pa kuuliza.

Majaribio matatu

Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 17, 1977, ikapaa vizuri. Ya pili ilifuata Mei 20, 1978, siku moja tu baada ya askari wa Ufaransa kuruka kwa miamvuli mjini Kolwezi, katika mkoa huohuo uliokuwa vitani. Nayo ilipaa.

Ya tatu, Juni 5, 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu. Iliondoka, ikapoteza mwelekeo, ikaanguka.

Hata hivyo, kilichoiua OTRAG nchini Zaire kilikuwa siasa. Umoja wa Kisovyeti na washirika wake walidai kwamba Ujerumani Magharibi inajaribu makombora ya kivita kwa siri. Kampuni ilikanusha, ikisema lengo lake ni kupeleka setilaiti za biashara angani. Majirani, Angola ikiwamo, walikuwa na hofu. Mwaka 1979 Mobutu aliisimamisha.

Kampuni ilihamia Libya ya Muammar Gaddafi na kurusha roketi huko mwaka 1981, hatua iliyozidisha shaka dhidi yake. Haikufikisha hata setilaiti moja kwenye mzunguko wa dunia. Debus alifariki mwaka 1983. Kayser aliishi hadi 2017, na aliwahi kuona kampuni binafsi za Marekani zikifanya alichokuwa akikitamani.

Mkongomani arusha ya kwake

Karibu miaka 30 baada ya jaribio la Luvua, mhandisi Mkongomani Jean-Patrice Keka alianza kurusha roketi ndogo zinazoitwa Troposphère akiwa na kampuni yake, DTA, huko Menkao, nje ya katikati ya jiji la Kinshasa. Mwaka 2007 moja ilipaa. Mwaka 2009 nyingine ilibeba panya aliyepewa jina la Kavira. Roketi hiyo ilikwenda kombo na panya hakupona.

Ukilinganisha na OTRAG, ni kazi ya mfuko mdogo mno. Lakini bosi wake anaishi palepale anaporushia, na anayejifunza kutokana na kosa ni mtu wa hapo hapo. Kenya nayo ilichukua njia ya namna hiyo: setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani Aprili 15, 2023, ilibuniwa na wahandisi wa Kenya wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria.

Ikweta haihami. Biashara ya setilaiti inakua, na mataifa yaliyo kwenye mstari huo yataendelea kufuatwa. Siku mwekezaji atakapokuja tena Congo, iwe Katanga au Tshopo, wataalamu watakagua injini. Mbunge, chifu na mwananchi wa kawaida wana la kwao la kukagua: orodha ya wakurugenzi. Ni nani kati yao anayeweza kuitwa na Bunge akajieleza? Na mkataba ukivunjika, ni nani atakayebaki nchini akiwa na michoro mkononi?

OTRAG ilipofungasha virago mwaka 1979, jibu la maswali yote mawili lilikuwa moja: hakuna.