Paka wa Jirani na Miti ya Uani

Hapa kwetu Diani mtu akilalamika kuwa mti wake umeharibiwa na mnyama, mawazo ya wasikilizaji hukimbilia moja kwa moja kwa tumbili, kima au nyani. Si ajabu. Wanyama hao tunaishi nao mlango kwa mlango, na hata mbega wetu weusi wenye mabega meupe wamejengewa ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni ili wavuke bila kugongwa na magari. Lakini mshukiwa ninayetaka kumzungumzia leo ni mdogo, mpole wa uso, na hushinda barazani amelala kama kwamba kodi ya nyumba analipa yeye. Namsema paka.

Pengine utacheka. Mtaani kwetu hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alinunua miche ya miembe ya kubebesha, ile izaayo baada ya miaka mitatu hivi badala ya kukufanya usubiri mpaka uote mvi, akaipanda nyuma ya nyumba. Haikupita miezi miwili, mitatu kati yake ilikuwa imechunwa gome na kunyauka. Maneno yakaanza. Huyu akasema paka ni wa fulani, fulani naye akasema paka hana pasipoti, huenda atakako. Kisha siku moja asubuhi paka wanne wakakutwa wamekufa, pamoja na kuku wawili na mbwa mmoja ambaye hakuwa na habari ya miembe wala ya mipera. Mtu ambaye hadi leo hajulikani alikuwa ametia sumu kwenye vichwa vya samaki. Nusura watu wazima wafikishane kwa chifu. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza wazee, nikisoma na kuangalia miti kwa macho yangu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kwa nini paka akwaruze mti? Wengi husema ni utundu. La hasha! Kucha za paka hukua kwa tabaka, moja juu ya nyingine, na lile ganda la nje likichakaa lazima litoke ili kucha kali ya chini ijitokeze. Ukichunguza chini ya mti anaoupenda paka utaokota vijiganda vyeupe vyenye umbo la mwezi mwandamo. Ndivyo hivyo. Pili, akikwaruza hujinyoosha mgongo na mabega, kama sisi tunavyojinyoosha baada ya kipindi kirefu cha Hesabu. Tatu, katika nyayo za paka mna tezi zitoazo harufu ambayo sisi binadamu hatuisikii. Mti uliokwaruzwa basi ni kama ukuta ulioandikwa jina: "Hapa ni kwangu." Ndiyo sababu paka hurudi mti ule ule kila siku, na ndiyo sababu paka wa pili akipita naye huandika lake juu ya la mwenzake. Mti mmoja unaweza kubeba ugomvi wa paka watano.

Mti mkubwa haudhuriki. Mbuyu au mkwaju wa miaka mingi, paka akwaruze mpaka achoke, mti hautajua. Balaa ni kwa mti mchanga. Tukumbuke yale tuliyofundishwa katika Biolojia: maji hupanda kutoka mizizini kwa kupitia ndani ya mti, lakini chakula kilichopikwa na majani hushuka kwa mirija ya floemu iliyo papo hapo chini ya gome. Gome likichunwa upande mmoja, mti huumia lakini huishi. Likichunwa kuzunguka mti wote kama pete, mizizi hukosa chakula. Kinachowahadaa watu ni kwamba majani hayanyauki siku ile ile, kwa kuwa maji bado yanapanda. Mti huonekana mzima kwa majuma kadhaa, kumbe mizizi inakufa njaa. Ukija kunyauka, mwenyewe husema ni jua au ni jicho la watu.

Mpapai ndio dhaifu kuliko yote. Kusema kweli mpapai si mti wa mbao. Shina lake ni laini, lina majimaji na katikati ni tupu. Kucha ya paka huingia kama kisu kwenye tikiti. Utomvu mweupe hutoka, kidonda hubaki wazi, kisha mvua za masika zikija ukungu na bakteria huingia na shina huoza. Mpapai unaweza kuanguka na matunda yake yote ukiwa bado mbichi wa majani. Kwa nyanya yangu na kwa akina mama wengi wanaopeleka mapapai sokoni Ukunda, huo si mti tu ulioanguka. Ni sukari, ni mafuta ya taa, ni daftari za shule.

Hata hivyo, kabla hujamhukumu paka, soma jeraha kwanza. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu hukosana bure. Paka huacha mistari myembamba ya wima, sambamba, kuanzia usawa wa goti la mtoto hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, maana husimama kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele. Mbuzi je? Mbuzi hung'oa gome kwa meno, vipande vipana vyenye kingo zilizoparuka, na hapo hapo utakuta majani ya chini yameliwa. Paka hali majani ya mwembe. Panya hutafuna karibu na ardhi, tena utaona alama za meno mawili mawili. Mchwa hujenga vijia vya udongo juu ya gome, ukivikwangua unawakuta ndani. Tumbili na kima kazi yao iko juu: vilele vimevunjwa, papai limeng'atwa mara moja na kutupwa, kana kwamba alikuwa anaonja chumvi. Na kama machipukizi ya mwembe yamekatwa sawasawa kwa kitu chenye makali, ndugu yangu, mtafute mwenye panga. Niliporudi kuitazama ile miembe mitatu ya jirani, miwili ilikuwa na mistari ya paka. Wa tatu ulikuwa wa mbuzi, tena mbuzi wake mwenyewe. Nilimwambia kwa adabu. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, hilo lisitoke hapa." Basi naliandika bila jina.

Kuna na madhara ya chini ya mti. Ardhi yetu ya ukanda huu wa ufuo ni mawe ya matumbawe yenye udongo kidogo juu yake. Tunapochimba shimo la mche tunaleta mchanga mlaini na samadi, tunalainisha vizuri, kumbe kwa macho ya paka tumemchimbia choo. Huja kufukua, mizizi midogo inabaki wazi juani, na mkojo wake wenye chumvi na urea nyingi huunguza mche usio na udongo wa kutosha wa kuuzimua. Isitoshe, kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho ni hatari hasa kwa mama mjamzito na mimba yake. Kijidudu hicho hakiambukizi kikiwa kipya. Huhitaji siku moja hadi tano nje ndipo kiwe na nguvu ya kuambukiza. Kwa hivyo anayekizoa kila siku kwa jembe dogo, akanawa mikono kwa sabuni na kuosha mchicha vizuri, amejikinga kwa sehemu kubwa.

Sasa tiba. Nianze na zile zisizofaa, maana ndizo zinazopendwa. Sumu tumeona imefanya nini. Haichagui, huua kuku, mbwa, mwewe aliyeokota mzoga, na siku moja itamfikia mtoto atambaaye. Aidha, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Wale wanaosali nao wanajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie riziki. Tena paka wakiisha, panya hufurahi. Na panya wa Pwani hali mahindi ya ghalani peke yake. Hupanda mnazi na kutoboa vidaka na madafu machanga.

Mafuta machafu ya gari yanayopakwa shinani humfukuza paka, ni kweli, lakini huziba gome na kuharibu udongo. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuzia nondo ni sumu kwa paka na kwa mtoto anayedhani ni peremende. Pilipili ya unga huingia machoni mwa wote, na mvua moja huisomba. Maganda ya machungwa na ndimu paka hayapendi, lakini yakikauka harufu imekwisha, na nani atakula machungwa kila siku kwa ajili ya mwembe? Kuna na wanaofunga gunia shinani. Hao wanamsaidia paka! Gunia lina nyuzi ngumu za kushika kucha, paka hulipenda kuliko gome lenyewe.

Dawa iliyofaa kwetu ni seng'enge ya kuku. Kata kipande cha urefu wa mita moja kwenda juu, kizungushe mche uache nafasi ya vidole vinne pande zote, kisha kishikize kwa vijiti viwili vilivyokita ardhini. Kisiguse shina. Paka hawezi kukwaruza kitu kinachocheza cheza. Anataka kitu kilichotulia. Asiye na pesa ya seng'enge na achukue chupa kubwa za plastiki zinazotupwa ovyo ufuoni, akate chini na juu, apasue ubavuni, avishe mche kama shati, moja juu ya nyingine. Atoboe matundu ili joto lisipike shina. Kwa mti uliokwisha kuwa mnene, fanya kama wazee wanavyoufanyia mnazi dhidi ya panya: mkanda wa bati laini kuzunguka shina, kucha ziteleze. Huo pia humzuia paka asipande kuwinda vifaranga vya ndege.

Chini ya mti, funika udongo kwa makumbi ya nazi, mgongo juu, yamepangwa yakigusana. Paka hawezi kufukua, na makumbi hutunza unyevu wakati wa kaskazi, jua linapokuwa la kukausha samaki. Vipande vya mawe ya matumbawe vyafaa pia, na hivyo havinunuliwi. Ila tahadhari moja: usitumie vifuu vikiwa vimeangalia juu. Vitajaa maji ya mvua na utakuwa umefuga mbu badala ya kufukuza paka.

Lakini ukimnyima paka mti bila kumpa badala, atahamia mti wa jirani, au kochi la mama. Mzee mmoja mvuvi, aliponiona nahangaika na seng'enge, aliniuliza, "Na yeye sasa akanoe wapi, mjukuu wangu?" Nikasema, "Shikamoo babu, sijui." Akacheka, akanipa kamba kuukuu ya makumbi. Tulichukua kigogo cha mvinje, kirefu kama mita moja na nusu, tukakikita kwa nguvu kisiyumbe, tukakizungushia kamba ile kutoka chini hadi juu, tukakiweka pale pale kwenye njia yao, karibu na mwembe uliokuwa ukishambuliwa. Siku mbili hawakukijali. Siku ya tatu paka dume wa rangi ya majivu alikinusa, akajinyoosha, akaanza kazi. Wengine wakafuata kuja kuandika majina yao. Kigogo kikiyumba hawakitaki, na kikiwa kifupi hawakitaki, kwa sababu hawapati kujinyoosha.

Kwa mti uliokwisha jeruhiwa, kata kwa kisu safi gome lililoachana na shina, tu, halafu uache hewa ipite. Usipake matope wala samadi wala rangi. Ukiwa umebaki na gome zima upande mmoja, kidonda kitajifunga kidogo kidogo kutoka pembeni. Uumwagilie na uutilie kivuli cha makuti. Mpapai uliooza kichwani huokolewa kwa kukatwa chini ya ule uozo, kisha ile tundu ya katikati ifunikwe kwa kopo tupu ili mvua isiingie. Mara nyingi huchipua ubavuni.

Limebaki suala la wingi wa paka, na hili haliwezwi na mwenye mti peke yake. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na huibeba kwa miezi miwili na siku chache. Hesabu mwenyewe. Kuwahasi kwa daktari wa mifugo hupunguza wazawa, na madume waliohasiwa hupunguza ile tabia ya kurusha mkojo kwenye kila shina. Mtaani kwetu nyumba tatu zimeanza kuchangishana, na yule jirani wa miembe ndiye anayeshika pesa. Miche yake mipya miwili imo ndani ya seng'enge. Kila mvua zikiisha tunapita kuzipanua, maana shina likinenepa likagusa waya, waya huo huo utafanya ile pete ambayo paka hakuwahi kuimaliza.