Kabla ya Kununua Samaki Mla Mwani, Kitazame Kwanza Kioo

Tangi la samaki likishamaliza wiki chache sebuleni, kioo huanza kuota utando. Kwanza huja wa kahawia, unaopanguka ukiupitishia kidole. Baadaye huja wa kijani, na wakati mwingine vinyuzi vyeusi vinavyong'ang'ania kwenye ncha za majani. Mwenye tangi hurudi dukani kuuliza dawa. Muuzaji humfungia kwenye mfuko wa plastiki samaki wa sentimita 6, mdomo uko chini ya kichwa, na kumhakikishia kwamba huyo atasafisha kila kitu.

Mara nyingi samaki huyo ni pleko, kambale wa Amerika Kusini mwenye mabamba magumu mwilini. Ambacho mnunuzi haambiwi ni kwamba huyo bado mtoto. Aina zinazouzwa kwa wingi, za jamii ya Pterygoplichthys na Hypostomus, hufikia sentimita 30 hadi 45, na akitunzwa huishi zaidi ya miaka 10. Katika tangi la lita 100 atashindwa hata kugeuka vizuri. Akishakua, hamu yake ya mwani hupungua, huanza kugombea chakula cha wenzake, na kinyesi chake ni kingi mno. Kinyesi hicho huoza, mwisho wake huwa naitreti, na naitreti ni mbolea ya mwani uleule alioletwa kuumaliza. Nasema bila kusita: pleko wa aina hizo asinunuliwe kwa ajili ya tangi la nyumbani.

Aliyekwisha kumnunua amrudishe kwa muuzaji au amtafutie mtu mwenye tangi kubwa. Kumtupa mtoni au bwawani ni kosa kubwa. Huko Florida, Mexico na Bangladesh, pleko walioachiwa au kutoroka wamezaana kupita kiasi. Madume huchimba mashimo ya kuatamia mayai kwenye kingo za mito, udongo ukamomonyoka, na miiba ya mapezi yao huwaharibia wavuvi nyavu.

Basi achaguliwe nani? Jibu linategemea kinachoota kwenye kioo, kwa sababu hakuna samaki anayekula kila aina ya mwani. Ule wa kahawia ni wa matangi mapya na kwa kawaida hupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa. Maji yote yakigeuka kijani kibichi, huo ni mwani unaoelea, chembechembe ndogo zisizoshikika mdomoni mwa samaki mla mwani yeyote. Punguza mwanga na ubadilishe maji. Utando wa kijani chenye ubluu, unaoteleza, wenye harufu nzito na unaobanduka kama karatasi iliyolowa, huo ni bakteria, na samaki hao hawaugusi. Taa inayowaka tangu asubuhi hadi watu wanapolala ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo haya. Saa 6 hadi 8 kwa siku zinatosha. Tangi likae mbali na dirisha linalopigwa na jua, na chakula kiwe kile tu kinachoisha ndani ya dakika mbili tatu.

Ukisharekebisha hayo na bado mwani wa kijani unaota kwenye vioo, mawe na magogo, mimi ningemchukua Ancistrus. Naye ni kambale wa Amerika Kusini, ndugu wa pleko, ila huishia sentimita 12 hadi 15. Dume ana vinyuzi vya nyama vilivyosimama puani. Jike hana, au anavyo vifupi tu. Mtazame akiwa amegandamana na kioo upande wako: midomo imefunguka duara, na ndani yake safu mbili za vijino vyembamba zinasugua kwenda na kurudi, zikiacha njia safi nyuma yake. Mmoja anatosha tangi la lita 100. Madume wawili wakiwekwa kwenye nafasi finyu watapigania pango. Mwekee gogo, kwa kuwa hupenda kuliparuza, na mahali penye giza pa kujificha mchana.

Otocinclus ni mdogo zaidi, sentimita 4 tu, mpole, na hodari wa kusafisha majani bila kuyatoboa. Hukaa kwa kundi, sita au zaidi. Wengi wao huvuliwa mitoni na hufika dukani wakiwa wameshinda njaa kwa siku nyingi safarini, ndiyo maana hufa ovyo wiki za mwanzo. Dukani, subiri mpaka ajibandike kwenye kioo, kisha uangalie tumbo lake. Likiwa limejaa kidogo, ni mzima. Likiwa limebonyea kuelekea uti wa mgongo, mwache hata ukipewa kwa nusu bei. Asiwekwe kwenye tangi jipya, maana hatakuta cha kula. Tena hupenda maji ya nyuzi 22 hadi 26, hivyo joto la Dar es Salaam au Mombasa kati ya Januari na Machi humtesa.

Kwa vinyuzi vyeusi kuna Crossocheilus wa Asia ya Kusini-Mashariki, ila madukani huchanganywa na Gyrinocheilus, ambaye utotoni husafisha vizuri kisha hugeuka mkorofi, akiwafyonza wenzake ute wa ubavuni. Crossocheilus ana mstari mweusi unaopita mpaka mwisho wa mkia, na mdomo wake si wa kunata kwenye kioo. Ukimwona amenata, siye.

Wapo pia wala mwani wa kwetu, na ni mabingwa. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika huishi Tropheus na Petrochromis, ambao hawapatikani kiasili kwingine popote duniani na wanatafutwa na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Japani. Mtoto wa Tropheus duboisi ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima; akikua kichwa huwa cha bluu na mwili huvaa mkanda mweupe au wa njano. Napenda kuona matangi yao yakiongezeka katika nyumba zetu. Lakini wasinunuliwe kama wafagiaji wa tangi la samaki wengine. Ni wagomvi, hutaka kundi la kumi na kuendelea, tangi la lita 300 au zaidi, na maji ya chumvichumvi za madini yenye pH karibu 9. Utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa mwani, hivyo wakilishwa nyama au minyoo huvimba tumbo na kufa.

Yeyote utakayemchagua, kioo kikishang'aa ndipo njaa yake inapoanza. Ancistrus na Otocinclus hufa wengi katika matangi masafi kabisa, mwenyewe akidhani wanajitafutia. Taa ikizimwa, wawekee kipande cha tango au cha mumunya kilichochovywa kidogo kwenye maji ya moto, ukichome kwenye uma wa chuma cha pua ili kizame. Asubuhi kitoe kabla hakijaanza kuoza.