Ujuzi Mkononi, Cheti Hakuna: Njia Zilizo Wazi kwa Mafundi Vijana wa Kwale

Uchimbaji wa madini ya titani katika eneo la Maumba na Nguluku, Msambweni, ulifikia kikomo Desemba 2024 baada ya takriban miaka 11. Kufungwa kwa mgodi kumeacha swali ambalo wazazi na vijana wengi wa Kwale bado wanajiuliza: mtu aliyejifunza kuchomelea vyuma, kurekebisha pampu au kuendesha tingatinga akiwa kazini, bila kupita darasani, ataonyesha nini atakapobisha mlango wa mwajiri mwingine?

Swali hilo si la waliotoka mgodini pekee. Ukunda kuna kijana aliyefundishwa umeme na mjomba wake. Kinango kuna anayejenga nyumba tangu alipoacha shule, anayejua kushika mwiko na kupima ukuta kwa timazi kuliko wengi waliosomea. Majirani wanamwita fundi. Kwenye daftari la mwanakandarasi ameandikwa kibarua.

Tofauti hiyo ya jina ina uzito wa pesa. Amri ya jumla ya kima cha chini cha mishahara nchini inamtaja fundi asiye na gredi, kisha fundi wa Gredi III, wa Gredi II na wa Gredi I, na kila ngazi ina kima chake, kinachopanda kadiri gredi inavyopanda. Watu wawili wanaweza kusimama kwenye mjengo mmoja, wakafanya kazi ileile, na mmoja akawa na haki ya kudai zaidi kwa sababu ana karatasi mfukoni. Aidha, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) huandikisha mafundi stadi wa ujenzi, na mwanakandarasi anayefuata sheria hutafuta walioandikishwa.

Habari njema ni kwamba fundi aliyejifunzia kazini halazimiki kurudi darasani kwa miaka miwili kusomeshwa anachokijua tayari. Zipo njia mbili za kupimwa alivyo.

Ya kwanza ni mtihani wa gredi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Wazee wengi wanaujua mtihani huu kwa jina la zamani, tredi testi. Fundi huanzia Gredi III, iliyo ya chini, kisha hupanda hadi II na I kadiri ujuzi wake unavyokua. Sehemu kubwa ni vitendo: seremala hupewa mchoro na mbao, mshonaji hupewa kitambaa na vipimo, na kazi hukaguliwa ikiisha. Wanaoanguka mara nyingi hawaangushwi na mikono yao. Wanaangushwa na mchoro ambao hawajazoea kuusoma, au maswali ya usalama kazini ambayo hakuna aliyewahi kuwauliza. Mambo hayo mawili yanaweza kufanyiwa mazoezi kwa majuma machache, na inafaa yafanyiwe kabla ya kulipia mtihani.

Njia ya pili ni mpya zaidi na bado haijulikani sana vijijini. Inaitwa utambuzi wa ujuzi wa awali, ingawa wengi wanaifahamu kwa kifupi chake, RPL. Mfumo wake uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu (KNQA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hapa fundi hutuma maombi katika kituo kilichoidhinishwa, akashauriwa kuhusu ngazi inayomfaa, kisha akakusanya ushahidi: picha za kazi alizofanya, barua kutoka kwa wateja au mwajiri, hata risiti za vifaa. Baada ya hapo mtathmini humtazama akifanya kazi na kumuuliza kwa nini amefanya hivi na si vile.

RPL si cheti cha bure. Anayeonekana kuijua sehemu tu ya kazi hutambuliwa kwa sehemu hiyo, na yaliyobaki huenda kuyasomea. Kwa kijana aliyezoea kufanya umeme wa nyumba lakini hajawahi kugusa mota, hilo ni jambo la haki. Anajua hasa kilichopungua.

Kusomea kilichopungua ndiko kunakoileta serikali ya kaunti. Katika Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, vyuo vya ufundi vya vijijini vilikabidhiwa kaunti. Ndivyo vilivyoitwa zamani vijana polytechnic, na wapo wakazi wanaoviona hadi leo kama mahali pa walioshindwa na shule. Mtazamo huo umewagharimu vijana. Aliyepata alama ya E katika KCSE anaweza kujiunga na masomo ya cheti cha ufundi cha ngazi ya nne, akapanda ya tano, akafika stashahada. Mlango haujafungwa na alama ya Kidato cha Nne.

Mradi wa kitaifa wa NYOTA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, nao umeweka utambuzi wa ujuzi miongoni mwa kazi zake. Unalenga vijana wa miaka 18 hadi 29 ambao elimu yao haijazidi Kidato cha Nne. Kwa wanaoishi na ulemavu umri unafika 35. Nafasi hutangazwa kwa vipindi, kwa hivyo inafaa kufuatilia matangazo katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

Cheti pia hufungua mlango wa zabuni, jambo ambalo vikundi vingi vya vijana havijalitumia. Asilimia 30 ya ununuzi wa serikali, ya kitaifa na ya kaunti, imetengewa vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu chini ya mpango wa AGPO. Kikundi cha vijana kinahitaji angalau asilimia 70 ya wanachama wawe vijana, na viongozi wote wawe vijana. Kujiandikisha ni bure. Mafundi watano wenye gredi wanaweza kuomba kazi ya kutengeneza madawati au milango ya zahanati, badala ya kungoja aliyeishinda zabuni kutoka mbali aje kuwatafuta kama vibarua.

Mkazi anayetaka kuanza aende katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye akiwa na kitambulisho, cheti chochote cha shule alicho nacho na picha za kazi zake kwenye simu. Aulize mambo mawili: fani yake inatathminiwa wapi, na ada ni kiasi gani. Malipo yafanywe kwa njia rasmi za serikali na risiti ichukuliwe. Anayeombwa atume pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi ili "asaidiwe kupita" asitume, bali apeleke habari hiyo kwa msimamizi wa wadi au chifu.